Mbwa wa Anande Asiyebweka

Sisi watu wa Kikwe hatuanzi kwa kumpenda mbwa. Tunaanza kwa kumfunga kamba. Mbwa anakula makombo, analala nje, akizeeka anaenda kufia huko migombani na hakuna anayevaa nguo nyeusi. Kwa hiyo ukimsikia mtu wa huku anasema, "Mimi nataka mbwa wa aina fulani tu, wengine msiniletee," ujue kuna jambo lilimpata. Hans wa mashine ya kusaga anapenda Jemani Shepadi, kwa sababu alipokuwa kijana alimwona mmoja mjini akimkalisha kibaka chini bila hata kumng'ata. Na wifi yangu Anande anapenda Basenji. Habari yake imetembea mpaka Nduruma, na kila anayeisimulia anaiharibu, ndiyo maana nimeamua kuiandika mwenyewe.

Anande ni mke wa marehemu kaka yangu. Analima mboga za Wahindi, yaani giligilani, uwatu, bilinganya ndogondogo na pilipili ndefu, na anazipeleka Arusha mwenyewe kwenye nyumba za wateja wake wa siku zote. Hajawahi kumtuma mtu. Atamtuma nani, na hamwamini mtu? Sisemi kwa ubaya, ndivyo alivyo. Sukari yake kwenye kopo anaitia alama kwa ukucha. Akishafunga mlango anavuta kufuli, anaondoka, anafika kwenye mfereji, anarudi kulivuta tena. Kanisani wakati wa sala anafumba jicho moja, la pili linabaki kwenye mkoba. Na siku ya kumzika kaka yangu, tumeshaimba, tumeshalia, aliagiza jeneza lifunguliwe tena pale uani, eti ahakikishe mochwari hawakutubadilishia mtu.

"Wifi," nikamwambia, "huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja, namjua pua."

"Na mimi nazijua soksi nilizompelekea," akanijibu.

Akaziangalia soksi. Ndipo tukazika.

Ukiwa hivyo watu wanakuchoka. Mmoja mmoja wakaacha kupita kwake. Mwanawe Lucky yuko Mwanza, anapiga simu, na hata simu mama yake anaipokea kwa kuuliza, "Ni wewe kweli?" Aliyebaki alikuwa Anneth, jirani wa ng'ambo ya mfereji. Anneth ni mwanamke mnene, mchekaji, anayeingia kwako bila hodi na kufunua sufuria aone umepika nini. Anande alipolazwa na taifodi, ni Anneth aliyefungulia maji ya zamu yake mpaka mboga zikapona. Kila jioni alivuka kuja kunywa chai, akamtania, akaondoka. Ukimtoa Anneth, Anande hakuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba leo kuna upepo.

Sasa tazama alivyokaribia kumpoteza.

Kulikuwa na mzee mmoja mjini anaitwa Mohinder, Kalasinga muuza spea za magari, mteja wa uwatu wa Anande tangu zamani. Mzee alikuwa anahamia Dar kwa binti yake Jasleen, anayekaa ghorofani, na huko ghorofani mbwa hawatakiwi. Akamwita Anande uani.

"Mama Lucky, huyu Rani nakupa wewe."

"Bei gani?"

"Bei ya nini? Nakupa tu. Unakaa peke yako, mama."

Anande akamzunguka yule mbwa kama mtu aliye mnadani kwa ng'ombe. "Ameng'ata mtu?"

"Hapana."

"Basi anaumwa."

"Haumwi."

"Kuna mtu anamdai?"

Mzee Mohinder akacheka mpaka kilemba kikayumba. "Mama, mbwa anadaiwa na nani? Msafi huyu, mwaminifu. Na hana kelele, utalala vizuri."

Maneno hayo Anande aliyasikia, lakini aliyachukua kama maneno ya mwenye duka. Muuza spea atakuambia nini kuhusu spea yake? Akamkagua mbwa meno, masikio na chini ya mkia, akakubali kwa uso wa mtu anayeonewa, na dereva wa mzee akawaleta wote wawili Kikwe kwa gari.

Mimi nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ni swala mdogo. Mwekundu wa kahawia, kifua cheupe, miguu kama imechovywa kwenye maziwa. Masikio yamesimama. Mkia umejikunja juu ya mgongo kama andazi lililosokotwa. Na kwenye paji la uso ana mikunjo, basi muda wote anakutazama kama mama mkwe anayeonja mchuzi wako. Anajilamba mwili mzima kama paka. Matope hataki. Mvua ikidondoka anapanda juu ya banda la kuku, anakaa chini ya kipenu, anaitazama kama imemtukana.

"Malkia kaja," Anneth alisema siku ile, akapiga makofi. "Mama Lucky, umeletewa mwenzio. Na yeye amekunja uso tangu asubuhi."

"Mtazame vizuri," Anande akasema. "Mtu hatoi bure kitu kizuri."

Kasoro ikaonekana mapema. Mbwa habweki. Mwenyekiti wa mfereji alikuja kutangaza zamu, Rani akasimama, akamtazama, kimya. Walikuja wahubiri wa nyumba kwa nyumba na vitabu vyao, akawazunguka, akawanusa viatu, kimya. Hans alipita na toroli lenye gurudumu linalolia kilomita nzima. Mbwa wote wa Kikwe walipasuka koo. Rani alikaa mlangoni, mikunjo usoni, akamfuata Hans kwa macho mpaka akapotea.

"Anapanga nini huyu?" Anande akaniuliza.

"Labda hana la kusema," nikamwambia. "Wangekuwa wengi hivyo tungepumzika."

Hakucheka.

Halafu tetea wake mweusi akapotea. Ilikuwa mchana, Anande akiwa mjini na mboga zake. Aliporudi akakuta banda limefungwa, tetea hayupo, Rani amekaa pale pale juu ya banda, na langoni kuna mfupa wa ng'ombe. Na mwenye mfupa hakujificha. Jioni ile Anneth alivuka mfereji kama kawaida yake, akasema, "Nimemwachia Rani mfupa wa supu, ameuona?"

Hapo lazima nieleze jambo, msije mkamwona wifi yangu mwendawazimu. Huku kwetu kila mtu anajua wezi wana dawa ya mbwa. Wanaitia kwenye nyama, mbwa akila mdomo unafungwa, atakuona unabeba kabati na atakushikia mlango. Kila ukoo una shangazi aliyefanyiwa hivyo. Mimi mwenyewe ninaye. Kwa hiyo ukichukua mbwa asiyebweka, tetea aliyepotea na mfupa langoni, ukampa mtu wa kawaida ayajumlishe, atapata jibu lile lile. Anande siye mtu wa kawaida, yeye alikuwa na jibu kabla ya kujumlisha.

"Anneth, mbwa wangu umempa nini?"

"Mfupa."

"Mfupa wa nini?"

"Wa ng'ombe. Ulitaka wa nini, wa twiga?"

"Kwa nini habweki?"

Anneth akacheka. Alidhani ni utani. "Sasa mama Lucky, mimi ndiye mwalimu wake?"

"Tetea wangu yuko wapi?"

Kicheko kikakatika. Mimi nilikuwepo, nimeshika kikombe, natamani kingekuwa kirefu zaidi nijifiche nyuma yake. Anneth akaweka cha kwake chini kimejaa.

"Unasema mimi nina dawa?"

"Sijasema. Nimeuliza."

"Umesema. Mimi nina watoto wa kike wawili, mama Lucky. Unajua neno hilo linavyowafuata watoto." Akajifunga kanga upya, akavuka mfereji. Chai yake ikabaki pale inapoa.

Mtu mwenye akili angemfuata usiku ule ule. Anande akaenda kwa Mzee Abdiel. Yeye ni mshili wetu, kiongozi wa ukoo, na sisi Wameru shauri la jirani na jirani haliendi popote kabla halijakaa mbele yake. Nilimzuia mpaka nikachoka.

"Wifi, ukimshitaki mtu kwa dawa na ukashindwa, hutampata tena."

"Sishindwi. Nina ushahidi."

Ushahidi ulikuwa ule mfupa. Aliufunga kwenye mfuko wa nailoni, akauweka ndani ya kopo, kopo akalifungia kabatini. Nyumba nzima ilinuka kama bucha ambalo mwenyewe amesafiri.

Jumapili baada ya ibada tukakaa uani kwa Mzee Abdiel. Wazee kwenye mabenchi, sisi wanawake kwenye mkeka, Rani kafungwa kamba miguuni mwa Anande. Anneth alikaa mbali, na kanga yake mpya, hamtazami mtu. Sijawahi kumwona Anneth amekaa mahali kwa muda ule bila kucheka.

"Shikamoo baba," Anande akaanza.

"Marahaba mwanangu. Sema."

Akasema. Alisema vizuri, ana mdomo yule. Mbwa, mfupa, tetea. Mwisho akafungua kopo. Wazee wa benchi la mbele wakahamia la nyuma.

Mzee Abdiel akautoa mfupa kwa ncha ya fimbo, akaugeuza huku na huku kwenye mwanga. Halafu akauliza taratibu, "Mwanangu, dawa ilikuwa kwenye mfupa huu?"

"Ndiyo baba."

"Mbwa akala, akafungwa mdomo?"

"Ndiyo baba."

"Alikula wapi? Mbona nyama yote ipo?"

Mzee Ephraimu, mmoja wa wazee wa mabenchi, akainuka kwenda kuchungulia, akasema kwa sauti, "Hata jino halijagusa."

"Atakuwa aliunusa," Anande akasema. "Dawa nyingine ni za kunusa."

"Basi na sisi hapa tumeshafungwa midomo wote," Mzee Ephraimu akasema, na watu wakacheka, isipokuwa wawili.

Mshili akaagiza apigiwe simu aliyemtoa mbwa. Anande alikuwa hajampigia, maana alishaamua kwamba naye yumo. Akapiga sasa kwa kulazimishwa, akaweka sauti ya wote. Akapokea Jasleen, kwa kuwa mzee alikuwa amelala.

"Mama Lucky! Rani hajambo?"

"Habweki."

"Ee, habweki. Baba hakukuambia? Basenji habweki. Aina yake yote ndivyo ilivyo, asili yao misitu ya Kongo. Wanaimba tu wakitaka."

"Wanaitwaje?" akauliza Mzee Ephraimu. "Washenzi?"

"Basenji, mzee," sauti ikajibu kutoka Dar, inacheka.

Nikamtazama wifi yangu nikidhani yamekwisha. Wapi! Akakata simu, akasema, "Mwenye mali hawezi kusema mali yake ni mbovu. Na mbwa wa kuimba nani amewahi kumwona? Baba, huyu amelishwa. Kama si mfupa huu, ni mwingine."

Mzee Abdiel akajikuna kidevu. Halafu akamwita mkewe alete nyama kutoka kwenye sufuria ya Jumapili. Ikaja kwenye sahani, inatoa moshi, na nitasema ukweli, hata mimi niliimezea mate.

"Tuone huyu anavyolishwa," akasema.

Akatwaa kipande, akamshikia Rani puani. Rani akanusa. Akageuza uso pembeni. Mzee akakiweka chini mbele ya miguu yake, Rani akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeonyeshwa kaburi.

"Ni ugoro kwenye vidole vyako, mzee," akasema Ephraimu. "Lete nijaribu." Akajaribu. Mbwa akamtazama Ephraimu, akatazama nyama, akamtazama Ephraimu tena kwa ile mikunjo yake, mpaka mzee wa watu akaona haya akairudisha sahanini. Mimi nikajaribu, nikimwita kwa jina. Hakuna.

"Anneth," mshili akasema. "Njoo wewe."

Anneth akaja polepole. Akachuchumaa. Akachukua kipande kikubwa kuliko vyote, cha mafuta. "Rani," akamwita. "Rani mama, chukua basi."

Mkia wa Rani ukatikisika. Alimfahamu, alimpenda hata, mtu yeyote angeona. Udenda ukaanza kumchuruzika pembe za mdomo mpaka kwenye soksi zake nyeupe. Pua ikacheza. Lakini mdomo hakuufungua. Akageuza kichwa, akainua macho, akamtazama Anande. Si nyama, si Anneth, si sisi. Anande tu.

"Mpe wewe," Mzee Abdiel akasema.

Anande akainama, akakitwaa kile kile kipande mkononi mwa Anneth. Rani akakichukua kwa ncha ya midomo, kama unavyochukua sindano, akala.

Mshili akafuta mikono. "Mwanangu Anande. Mbwa huyu hali kwa mtu ila kwako. Aliyemlisha dawa alipitia wapi?"

Wifi yangu akaanza kulifunga kopo lake.

Anneth akasimama, akajikung'uta magoti. "Nilikufungulia maji ukiwa kitandani," akasema. "Ningetaka kukuibia ningekuibia shamba zima, ningeacha kuku." Akaondoka. Alipofika kwenye ua wa masale, Rani akanyoosha shingo akatoa sauti. Siwezi kuiandika. Ilikuwa katikati ya kigelegele na mlango usio na mafuta, ndefu, inapanda na kushuka. Mzee Ephraimu alishika fimbo. Watoto wa jirani walikimbia. Anneth alisimama kidogo, hakugeuka, akaenda zake.

Uamuzi wa mshili ulikuwa mfupi. Anande apeleke kwa Anneth jani la sale, mmea wetu wa kuombea amani, na kumwomba radhi. Kwetu sale halikataliwi, hata kama ameuawa ndugu yako. Halafu Anneth aje kunywa kwake, watu waone.

Tukarudi tunatembea, mimi, yeye na mbwa. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, ya kumwosha nayo njia nzima. Akanitangulia.

"Wifi, uliona?"

"Nimeona umeaibika."

"Udenda unamtoka. Unamtoka kabisa! Na bado hakuchukua. Kwa mshili hakuchukua. Kwako hakuchukua." Sauti yake sikuitambua. Mara ya mwisho niliisikia alipokuwa mchumba. Tulipofika kwenye mfereji, ambao Rani hakanyagi maji yake hata kwa fimbo, Anande akavua viatu, akamwinua yule mbwa mikononi kama mtoto wa kubatizwa, akavuka naye. Jioni ile mbwa akaingia ndani. Akapanda kiti cha kaka yangu, kiti ambacho mimi mwenyewe sikaribishwi, akajikunja, akalala.

Kuanzia hapo ikawa Basenji, Basenji. Alimpigia Jasleen mara kwa mara kuuliza anazaa lini, anaumwa nini, wenzake wako wapi. Jasleen akamweleza kwamba aina ile haina mazoea na wageni, na tena baba yake alimfundisha tangu mdogo asile kwa mtu asiye wa nyumbani, maana mjini watu wanaweka sumu. Anande akanisimulia kama mama anayesimulia matokeo ya mtihani. Hans akaja kumletea mtoto wa Jemani Shepadi.

"Anabweka?" Anande akauliza.

"Kama trekta, mama Lucky!"

"Mpelekee mwenye haja ya trekta. Mbwa anayebweka anamwambia mwizi mahali alipo. Huyu wangu anatazama tu." Na tetea mweusi hatujamwona mpaka leo. Sasa hivi anayeshukiwa ni nguchiro, na nguchiro hana wa kumtetea.

Lakini mbwa hanywi chai na wewe. Zamu ya maji ilifika, Anneth akafungua ya kwake, akafunga, akaingia ndani. Jioni mlango wa Anande ulibaki wazi mpaka mbu wakaingia, na aliyevuka mfereji hakuwepo. Nilimkuta siku moja ametoa vikombe viwili, ameviweka mezani, amekaa. Nikajifanya sijaona.

Sale alilipeleka mwenyewe. Nilisimama nyuma yake, mashahidi wanatakiwa. Alilishika kwa mikono miwili, akasema, "Anneth, nimekukosea." Hayo tu. Mimi ningeongeza mengi. Anneth akalipokea, akalichomeka juu ya mlango, akasema, "Sale nimelipokea. Siwezi kulikataa." Moyo wake hakuusemea kitu.

Siku ya kuja kunywa alikuja kweli, na kanga ile ile aliyoivaa kwa mshili. Alipiga hodi. Anneth, kupiga hodi! Akangoja mpaka akaambiwa karibu. Rani alishuka kwenye kiti, akamnusa miguu, akaenda kulala mlangoni. Anande akamimina chai, akasukuma kikombe mbele yake, akakaa.

Anneth hakukigusa. Akakiinamia, akachungulia ndani, akanusa.

"Umeweka nini?"

"Tangawizi."

"Tangawizi tu?"

Nikashika meza. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Anande swali la namna hiyo nyumbani kwake, na nilijua mdomo ule unavyolipuka. Anneth naye hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa umekunjika, amekaza macho kwenye chai, na mkono wake uko mapajani, haupandi.

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, wajue haina kitu. Ni pombe lakini. Chai sijawahi kuona mtu akiionja.

Anande akavuta kile kikombe cha Anneth upande wake. Akapiga funda kubwa. Ilikuwa ya moto, nikaona machozi yanamtoka, akameza hivyo hivyo. Akakirudisha, ametazama meza.

Anneth akamtazama muda mrefu, jinsi unavyomtazama mtu uone kama ataanguka. Hakuanguka. Anneth akakigeuza kikombe upande ambao haujaguswa na midomo, akanywa. Hakusema kama ni nzuri.